Neno Alilolikwepa Karani

Ukimwambia Karani kwamba mtu fulani ni mbaya, atakuuliza mambo matatu bila kuinua macho kwenye kikombe chake: alifanya nini, saa ngapi, na wewe ulikuwa umekaa wapi. Ukishindwa hata moja, atakunja midomo na kusema, "Basi hujui kitu. Kunywa chai."

Nimekunywa chai nyingi sana nyumbani kwa Karani.

Chai yenyewe ilikuwa adhabu. Aliipika kwa tangawizi na pilipili manga mpaka machozi yakutoke, kisha sukari akaigawa mwenyewe, kijiko kimoja kidogo kwa kila kikombe, kile kijiko cha kupimia dawa ya mtoto. Mgeni akiomba kuongezewa, aliambiwa ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Nilimzoea kwa miaka, na sikuwahi kuona ombi la sukari likifika mwisho wake.

Tulimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mama huyo mpaka akastaafu: karani wa mahakama, mchapaji wa maelezo ya mashahidi. Jina lake nalijua, na mtaa mzima hapa Njombe unalijua, lakini nikiliandika hapa atanipigia simu, na simu ya Karani haina salamu. Inaanza katikati. "Ukurasa wa pili, mstari wa nne, umeandika nini pale?" Sasa mimi nani, nijitafutie simu kama hiyo?

Mimi ni fundi wa masweta ya shule. Mashine yangu ya kufumia iko dirishani, na kutoka dirishani hadi jikoni ni hatua saba. Hizo ndizo safari zangu. Mdogo wangu Twilumba husema nikitaka kuvuka barabara ya lami ni lazima kwanza padri aniombee. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu ya Kiingereza mama aliyafunua mara moja tu, akayakunja, akauliza kama kuna mtu amewafungia kuku. Kwa hiyo nilipoanza kwenda darasa la Karani kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, haikuwa kwa kiu ya elimu. Twilumba alinishika mkono.

"Dada, ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa."

"Ni ya nne," nikamwambia. "Nimezihesabu."

Twilumba alikuwa anachambua maparachichi kwenye banda la kufungashia nje ya mji, yeye na akina mama wengine kama kumi na wawili. Maagizo pale yalibandikwa ukutani kwa Kiingereza, na meneja alikuwa mama wa kigeni ambaye Kiswahili chake kilianzia "asante" na kuishia "sana". Akina mama waliona wakiendelea kuongea kwa vidole watazeeka na vidole. Wakamfuata Karani. Karani akakubali kwa masharti mawili: kila mtu aje na kiti chake, na kila mtu aje na mkaa wa kutosha kujaza viganja viwili, umefungwa kwenye gazeti. Mnaojua Juni ya Njombe mnaelewa kwa nini. Ukichelewa, mkaa wako uliwekwa jikoni hata hivyo, na wewe ukakaa karibu na mlango. Mimi mwenye nyumba ya nne nilikaa karibu na mlango mara nyingi kuliko waliotoka mtaa wa Ramadhani kwa miguu.

Ubao ulikuwa mlango wa kabati la zamani alioupaka rangi nyeusi. Upande wa nyuma wa mlango huo, nusu ya juu, kulikuwa bado na kioo, kwa hiyo kila alipogeuza ubao ili atumie upande mwingine, tulijiona ghafla, tumejipanga kama viazi sokoni, midomo wazi. "Hiyo nayo ni sehemu ya somo," alisema.

Maneno ya kwanza yalikuwa ya kazi yao. *Stalk*, kikonyo. *Reject*, lililokataliwa. *Bruise* lilichukua jioni nzima. Karani alileta parachichi, akalibonyeza kwa dole gumba mbele yetu, akalipitisha kwa kila mtu. Hatukuona kitu. "Leo hamtaona," akasema. "Njooni Alhamisi." Alhamisi akalikata, na ndani kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa dole lake. "*Bruise* ni hilo. Linatokeza wakati aliyebonyeza yuko mbali." Kisha akalila lile parachichi, pamoja na doa lake, kwa chumvi.

Alikuwa na mambo yake, na hayakuwa yanapatana. Aliuchukia umbea kuliko alivyolichukia vumbi, na bado kiti chake kilitazama barabara. "Mimi sisikilizi, mimi naona," alijitetea. Alijua nani kahamia, nani kahama, na nani kahama bila kumwambia mkewe. Alisisitiza ukweli, ukweli, ukweli, lakini umri wake ulikuwa miaka sitini nilipomfahamu na ulikuwa bado sitini alipoondoka mtaani. Katikati hapo nilikuwa nimewafumia watoto masweta ya darasa la kwanza mpaka wakamaliza la saba. Kwaya ya kanisani aliikimbia kwa kikohozi ambacho kilimjia Jumamosi saa tisa, muda wa mazoezi, na kumwacha saa kumi na moja.

Na alitembea na kalamu nyekundu. Tangazo la mkutano likibandikwa ubaoni pa ofisi ya mtaa, Karani alilipitia akielekea gengeni, akisahihisha. Mwanzoni mwenyekiti alikasirika. Baadaye akawa anamletea tangazo kabla ya kulibandika, na kabla ya kuondoka anakunywa chai, maskini, ya kijiko kimoja.

Kwangu alikuwa na utani wa aina moja. Alilishika sweta lolote nililofuma, akaingiza ngumi kwenye kwapa, akasema, "Hapa umemfumia mtoto na mdogo wake." Masweta yangu yalipwaya makwapani. Nasema yalipwaya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ukweli huo uliingia katika somo, kama nitakavyoeleza.

Siku Twilumba alipoleta barua, mvua ilikuwa imenyesha na akina mama walikuja wamejifunga khanga kichwani. Yeye hakufunga kitu. Aliweka bahasha mezani, akakaa.

Nitaeleza kilichotangulia kwa kifupi. Kulikuwa na msimamizi pale bandani, mtu wa kunukia, anayepanga nani akae meza ipi na nani aingie chumba cha baridi. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya akina mama wakiwa wameinamia matunda, na mikono yake haikukaa mifukoni. Aliyenyamaza alibaki mezani. Aliyesogea alipelekwa chumba cha baridi, na baridi ya kile chumba juu ya baridi ya Njombe, jaribu kufikiria. Wiki ile Twilumba hakusogea wala hakunyamaza. Wakati wa chai, mbele ya wote, alimwambia kwa sauti, "Usinishike tena." Jioni akaandika maneno hayohayo kwenye kundi la simu la akina mama wa bandani, na mengine kumi juu yake, ya hasira.

Jibu lilikuwa ile bahasha. Barua ya wakili, kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia siku ile Twilumba alikuwa amenipa niisome mimi, msomi wa ukoo. Niliisoma yote kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mkono mmoja kiunoni, nikaelewa "Madam" na tarehe.

Karani alivaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, kama alivyofanya kwa mambo mazito. Akasoma mpaka mwisho. Tulisikia mkaa ukipasuka.

"Imechapwa vizuri," akasema.

"Karani!" Twilumba akaruka. "Mimi nakufa hapa, wewe unasifu uchapaji?"

"Nasifu kinachosifika. Sasa sikiliza. Anasema umemvunjia heshima. Anakupa siku saba. Ameambatanisha karatasi ya kuomba radhi, imeshaandikwa, bado sahihi yako tu. Inasema ulichosema ni uongo. Usiposaini, anakushitaki, na kazi anasema utaisahau."

Twilumba ana watoto wawili na baba yao yuko Mbozi kwa habari za mwisho tulizozipata. Kazi ile ndiyo ilikuwa nyumba yake.

"Nisaini, yaishe," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake.

Karani hakusema saini wala usisaini. Alichukua chaki. Akaandika *defamation*, akatugeukia. "Kashfa. Kuwaambia watu wengine neno la kumshusha mtu hadhi. Ukiliandika ni *libel*. Ukilitamka ni *slander*. Andikeni."

Tukaandika.

"Sasa. Mimi nikisimama sokoni, nikawaambia watu kwamba masweta ya huyu" (chaki ikanielekea mimi) "yanapwaya makwapani. Nimemshusha hadhi?"

"Umemshusha, Karani," wakaitikia.

"Anaweza kunishitaki?"

Kisha Mama Faraja, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu asiyecheka ovyo, akasema taratibu, "Hapana, Karani. Kwa sababu yanapwaya."

Darasa likaanguka. Hata Twilumba alicheka, kamasi zikamtoka, akajifutia daftari. Mimi niliangalia dari. Karani akaandika *truth*. "Hii ndiyo ngao. Lakini ngao ina uzito, ni lazima uweze kuibeba. Si kusema tu ni kweli. Uonyeshe." Akaandika *witness*. Akaandika *good faith*, nia njema. "Na tazama unamwambia nani. Ukipiga kelele kwenye kundi la simu, na matusi kumi juu, unampa mwenzio kuni. Ukimpelekea mwenye dhamana, kwa utaratibu, hilo ni jambo jingine. *Complaint*. Lalamiko."

Akaandika na *harassment*, akalipigia mstari, akasema tafsiri yake tutaitafuta wenyewe.

Kwenye barua ile kulikuwa na neno moja ambalo hakuliandika. Nililiona kwa sababu lilikuwa limerudiwa mara tatu: *withdraw*. Nikanyoosha mkono, mimi ambaye sinyooshi mkono.

"Karani, na hili?"

Akalitazama. "Hilo mtalikuta mbele," akasema, akafuta ubao kwa kiwiko.

Nilirudi nyumbani nimefurahi peke yangu. Kumbe kuna neno Karani halijui! Nililala na furaha hiyo kama mtu aliyeokota shilingi.

Siku tano zilizofuata tulikutana kila jioni. Karani aliwapa kila mama karatasi iliyochorwa mistari minne: siku, mahali, maneno yaleyale, nani alikuwepo. Ndivyo alivyokuwa anapanga maelezo kichwani miaka yote ile mahakamani, wakati shahidi anazungukazunguka. Alipita kiti kwa kiti na kalamu nyekundu akikata. "Mshenzi", akakata. "Hana haya", akakata. "Karani, sasa nimebaki na nini?" mmoja akalalamika. "Umebaki na mkono wake," akamjibu. "Huo unatosha."

Tatizo likawa moja. Sisi watu wa huku tumelelewa kwamba kuna mambo hayasemwi mbele ya wakubwa, na kuna sehemu za mwili hazina jina mbele za watu. Mama mtu mzima alisimama na karatasi yake, akasoma, "Jumatatu, saa nne, meza ya tatu, alinishika pale."

"Pale wapi?" Karani akauliza.

"Pale."

"Pale ni Makambako?"

Tukacheka, naye akacheka, lakini neno halikutoka. Alijaribu kwa Kiswahili, akaishia katikati. Kwa Kibena ndiyo hata hakuthubutu. Kibena ni lugha ya mama yake mzazi. Ndipo Karani akageuza ubao, akachora mtu, mtu mbaya kabisa kwa uchoraji, kama gunia lenye miguu, akaanza kuandika pembeni yake kwa Kiingereza. *Waist. Hip. Breast. Thigh.*

Na yule mama akasoma, taratibu, "*He put his hand on my breast.*" Akatutazama. Hakuna aliyekufa.

Sijui kama Karani alilipanga hilo au lilimjia. Kiingereza kilikuwa kama glavu. Lile jambo waliloogopa kuligusa kama jani la upupu, walilishika kwa glavu ile, wakaligeuza huku na huku, wakaliona lina ukubwa gani. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasoma, kwa matamshi yanayokwaruza, nami nikasahau kuwacheka. Walipomaliza, Karani akasema, "Vueni glavu. Sasa kwa Kiswahili." Wakasema. Sauti zilikuwa chini, lakini wakasema. "Na kwa Kibena." Hapo Mama Faraja aliinuka akafunga dirisha, akarudi, akasema la kwake kwanza. Hakuwa ameshikwa. Alikuwa ameona, akiwa meza ya pili, mara nyingi, akageuza uso. Alilisema hilo kwa lugha ya nyumbani, akiwa amemwangalia Twilumba, na Twilumba akamsogezea kiti chake karibu na jiko.

Siku ya sita meneja alikubali kuwaona. Ofisini waliruhusiwa wanne: msimamizi mwenyewe, Twilumba, shahidi mmoja, na ndugu mmoja wa kumsindikiza Twilumba. Sisi wote tulimtazama Karani.

"Mimi sina meza pale," akasema.

"Lakini Karani, Kiingereza chako..."

"Kiingereza mnacho." Akaugeuza uso dirishani. Siku ile nilimkasirikia. Mtu anayewasukuma wenzake mtoni, yeye akabaki anakunywa chai ukingoni! Nilimwambia hivyo Twilumba njiani, kwa sababu, ndiyo, ndugu msindikizaji nilikuwa mimi. Nilivaa sweta langu bora na nikavuka barabara ya lami.

Ofisi ilikuwa na joto la umeme na harufu ya manukato ya msimamizi. Yeye alikaa, mguu juu ya mguu, ile karatasi ya radhi ikiwa mezani mbele yake na kalamu juu yake. Meneja akamwashiria Twilumba aanze.

Na Twilumba akafanya kosa ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu angelifanya. Sisi hatuingii kwa mkubwa na kuanza kusema. Tunabisha hodi, tunasalimu, tunauliza habari za nyumbani, tunaomba radhi kwa kumpotezea muda, ndipo tunasema. Twilumba akakunja magoti kidogo, akakutanisha viganja, akasema, "*Madam, I am sorry. I am very sorry.*"

Msimamizi alisimama kabla hajamaliza. "Ameomba radhi! Mmesikia wenyewe. Meneja, *she apologised*. Basi, mama, saini hapa, yamekwisha, mimi sina kinyongo." Akamsogezea kalamu. Alikuwa anatabasamu kwa upole, ule upole ndio uliniogopesha.

Twilumba aliitazama kalamu. Mimi, msomi wa ukoo, nilikuwa nimesahau lugha zote. Niliona mkono wake ukiinuka, na nikaona tayari Jumatatu, na chumba cha baridi, na akina mama wakiinamia meza zao.

Mkono ukaisukuma kalamu pembeni.

"*I am sorry for the time,*" Twilumba akasema, akimwangalia meneja. "*I am not sorry for the words.*"

Kisha akafungua karatasi yake yenye mistari minne, akasoma. Siku. Mahali. Maneno yaleyale. Nani alikuwepo. Hakutia kivumishi hata kimoja. Msimamizi alimkatiza mara mbili, na mara ya pili meneja akamwinulia kiganja. Alipofika "nani alikuwepo", Mama Faraja akasimama bila kuitwa, kitenge kimekazwa, akasema Kiingereza chote alichokileta siku ile: "*I saw. Table two. I saw his hand.*" Akakaa. Akaweka mezani karatasi nyingine nne za wenzake.

Sitakuza mambo. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyepigiwa makofi. Msimamizi aliambiwa akae kwake kwanza wakati mambo yanachunguzwa, na baada ya wiki chache tukasikia hatarudi. Siku saba zikapita, kisha saba nyingine, na wakili hakuandika tena. Twilumba alibaki meza yake ya tatu, anakolalamikia upepo wa mlangoni mpaka leo. Yale matusi kumi ya kwenye simu aliyafuta mwenyewe, kwa maagizo ya Karani. Ile "usinishike tena" aliiacha.

Tulipomsimulia Karani yaliyotokea ofisini, tulipofika pa kalamu, aliomba Twilumba arudie. Akarudia. Akaomba tena. Kisha akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kwa mtu anayechemsha chai iliyokuwa tayari.

Miguu ilipoanza kumsumbua, binti yake alimhamishia Makambako. Mlango wa kabati ulibaki kwetu. Upo nyuma ya mashine yangu, upande wa kioo umenielekea, nami najiona nikifuma. Aliniachia pia kalamu moja nyekundu, sikujua ya nini.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, simu ikaja. "Alhamisi. Uje na kalamu na karatasi nyeusi ya kunakilia, bado zinauzwa." Nikataka kuuliza hali, ikakatika.

Basi mimi nilisafiri hadi Makambako. Wengine mnakwenda huko kununua mchele na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mimi niliaga majirani. Upepo wa kule unajulikana, lakini kujulikana na kukutana nao ni vitu viwili. Ulinipokea stendi na kilemba changu hakikufika pamoja nami. Nyumba ya binti yake iko karibu na reli. Karani alikuwa kwenye kiti kinachotazama barabara, amepungua, blanketi magotini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa dakika kumi na mbili. Kaa."

Nikampa sweta nililomfumia. Akaingiza ngumi kwenye kwapa, akaizungusha. "Umerekebisha," akasema, na kwa kweli niliona aibu jinsi nilivyofurahi.

Kisha akaniomba nimshushie faili la kijivu juu ya kabati. Ndani kulikuwa na karatasi moja nyembamba ya nakala, herufi za zambarau zilizoanza kufifia. Nikaisoma. Ilikuwa barua ya Kiingereza ya kuomba radhi. Mchapaji kijana wa ofisi alikuwa anamwomba radhi mkubwa wake wa kazi kwa maneno ya uongo aliyoyasema juu yake kwa mchapaji mwenzake. Anayaondoa maneno hayo. *I withdraw.* Chini, sahihi ya Karani, ya mviringo, ya mtu mwenye umri wa Twilumba.

"Hayakuwa ya uongo," akasema. "Alinisomea, nikachapa. Sikukosea hata herufi moja. Hicho ndicho kinachoniudhi."

Nikakumbuka siku niliyolala nimefurahi kwamba kuna neno asilolijua.

"Mkubwa huyo amefariki mwezi uliopita," akaendelea. "Wametuma sifa zake kwenye simu ya binti yangu, ndefu kweli, vivumishi vitupu. Haya, andika."

Nikatandika karatasi, nyeusi katikati. Nikamuuliza kama alivyotufundisha. Siku? Akaitaja, na mwezi, na mwaka. Mahali? Chumba cha kuwekea karatasi, mlango wa pili kushoto. Maneno yaleyale? Akayasema. Hakuhitaji glavu, aliyasema kwa Kibena kwanza, kisha Kiswahili, na mimi nikaandika.

"Nani alikuwepo?"

"Hakuna. Andika hakuna. Tusimzulie."

Mwishoni akavaa miwani yake miwili, akaniamuru niandike kwa Kiingereza sentensi moja, akainyoosha polepole kama mtu anayepima kitambaa: "*I withdraw my apology.*"

"Karani," nikasema, "hili neno hatujalisoma."

"Ndiyo unalisoma leo."

Akasaini. Si Karani, majina yake yote matatu, kwa kalamu nyekundu. Nikauliza tuipeleke wapi, maana mwenyewe hana tena anwani. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekaa mlangoni. Barua ya juu akaiweka kwenye faili, juu ya ile ya zambarau. Nakala akanikunjia mimi. Ipo sasa kabatini kwangu, chini ya vikombe vya wageni.

"Ukiulizwa," akasema, "uwe unajua ulikuwa umekaa wapi."

Najua. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana, Makambako. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao kuliani kwake, mgongo dirishani, na upepo ulikuwa unagonga bati. Alinimiminia chai, akatia kijiko kimoja cha sukari. Akafikiri. Akatia cha pili, na mimi sikuwa nimeomba.